Jaketi Jekundu Kando ya Ziwa

Gatwiri alianza kuwaongoza wageni kwenye ziwa la kasoko, juu ya kijiji cha Kiirua, huko Meru, mwanawe Mugendi akiwa bado mgongoni. Alijua mti ambao mbega huurukia asubuhi, alijua njia ya ndovu wanaoshuka kunywa maji, na nyati aliwahi kumpandisha mtini akakaa huko mpaka jua likapinda. Hayo yote hayakuwahi kumnyima usingizi. Lakini usiku mmoja mawe yalirushwa juu ya mabati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, naye akalala macho wazi hadi asubuhi.

Kesho yake Kithinji, mwenyekiti wa waelekezi wa wageni, alimkuta akikata majani ya ng'ombe. Alimweleza kwamba tajiri anayetaka kujenga hoteli anakuja, na wazee wa kijiji watabariki kukatwa kwa miti ya muuru inayolizunguka ziwa. Kabla ya baraka, Gatwiri asimulie historia kama kawaida yake, ila asiguse habari ya mwiko wa kukata miti.

"Mama Mugendi, kazi yako ni kusimulia, si kuamua," alisema akitabasamu. "Sifu maji, sifu mlima, kisha ukae chini. Mabati ni ghali siku hizi."

Gatwiri hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya mawe. Panga likamponyoka.

Tumefika hapo basi: msitu ambao mababu waliulinda bila askari wala seng'enge unagawanywa na wenye vyeo, na anayetishwa ili anyamaze ni mjane.

Siku ya baraka kulipambazuka kweupe, theluji ya mlima Kirimaara ikang'aa juu ya miti. Fundi wa msumeno aliujaribu mara moja, mbega wakatoweka. Wazee walikuwa wameketi mstari mmoja, kila mmoja na jaketi jipya jekundu, zawadi ya tajiri aliyesimama kando ya gari lake. Mzee Kiambi, mkubwa wao, alishika usinga na kibuyu cha pombe ya asali.

Gatwiri alianza na Mbwaa, kisiwa cha kule pwani ambako babu zao walikuwa watumwa. Alisimulia jinsi mabwana walivyodai kiatu chenye manyoya ndani na nje, na jinsi kilivyoshonwa kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Alikusudia kuwavusha mababu hao maji, awafikishe mlimani, aishie hapo. Akainua macho kuwataja mabwana wale, akaona safu ya majaketi mekundu. Akakatiza simulizi.

Kithinji akakohoa.

"Waliitwa nani hao mabwana?" aliuliza bibi mmoja aliyeketi nyasini. "Usituache njiani, binti yangu."

Hadithi hiyo kila mtoto wa Meru huisikia. Jina hilo halina mbadala. Akashika shina la mti.

"Nguo Ntuune," alisema. "Nguo Nyekundu."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Mzee Kiambi alitazama mkono wa jaketi lake, akautazama wa jirani yake.

"Rangi hii tulichaguliwa na nani?"

"Ni jaketi la kukinga baridi tu, mzee wetu," Kithinji aliharakisha kusema.

"Baridi ya hapa nimezaliwa nayo." Kiambi alifungua zipu polepole, akalikunja jaketi, akaliweka chini, akamgeukia Gatwiri. "Na miti, mwanangu? Malizia."

Gatwiri alimwona Kithinji akimkazia macho.

"Haikatwi, baba," alisema, kwa sauti ndogo.

Kiambi alishika kibuyu chake, hakukifungua, akaondoka. Pasipo yeye hapakuwa na baraka. Wazee wawili walimfuata, jaketi mkononi. Waliobaki walijifunga zipu hadi kidevuni. Msumeno ulirudishwa garini, lakini gari halikuondoka.

Kithinji alimpita Gatwiri, akatangulia kwenye barabara ya kijijini. Hilo lilimtisha kuliko mawe. Gatwiri alipofika njia panda, aliiacha barabara ya watu, akaingia njia ya ndovu.