Ramani ya Maili Themanini

Mwanafunzi wa shahada ya pili aliyekuja hospitalini kwetu, katika kijiji kimoja cha jimbo la Nebraska, Marekani, kujifunza uongozi kiangazi hiki, alikuwa akivua viatu kila nikipiga deki. “Vaa, dada, hapa si ukweni!” nilimwambia. Alitabasamu, akapita na soksi. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti: wodi ya uzazi ibaki au ifungwe? “Wajawazito hawatoshi? Basi mimi Januari nitazaa mapacha,” Marlys, mpishi wetu aliyekuwa mjamzito, alimtania. Mwanafunzi akabonyezabonyeza kalamu tu. Siku ya kumuaga, Marlys alimkatia keki, akamwuliza ripoti imesemaje.  Mwanafunzi akampa ramani aliyoichora mwenyewe, maili themanini kutoka kwetu hadi wodi ya uzazi ya hospitali ya mjini Lincoln, na kila mahali simu inapokosa mtandao ameweka alama nyekundu.