Zahanati Imekwenda Juu

Nilirudi kijijini kwetu, mwambao wa Nyasa, nikiwa na diploma ya ualimu niliyoilipia mwenyewe. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Dar es Salaam nilikaanga mihogo mchana na kusoma jioni. Nilipopata kazi nikajenga nyumba yenye vigae sakafuni, ya kwanza kijijini, na mwenyekiti alikuja kuikagua akiwa amevua viatu. Nyumba ile niliijenga kwa ajili ya mama. Alikuwa na presha na miguu yake ilivimba, nami nilitaka azeekee kwenye kitanda kizuri, akilisikia ziwa lake.

Kitu nilichoshindwa kumjengea ni zahanati. Kufuata dawa ilibidi apande boti hadi Mbamba Bay, na ziwa likichafuka alikaa bila dawa. Wananchi walikuwa wameinua boma la zahanati, kuta tupu zisizo na paa. Kijiji cha juu mlimani, upande wa Tingi, nacho kilikuwa na boma lake. Ndipo halmashauri ikasema itamalizia moja tu katika kata yetu, na kamati ya maendeleo ya kata ipendekeze lipi.

Mimi nafundisha uraia, kidato cha tatu. Wenzangu wengi somo hili hulimaliza kwa kunakilisha ubaoni. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba wanafunzi wangu watachunguza vijiji vyote viwili, kisha watasimama mbele ya kamati na kutoa mapendekezo yao.

Akacheka. "Hawa wa kwetu? Hawa hata kupokea simu wanaogopa."

"Ngoja uone," nikamwambia.

Darasani sikuficha nilichokitaka. "Mama yangu anaumwa, nataka boma la hapa. Kwa hiyo maneno yangu myaamini ya mwisho."

Wakaenda kuuliza nyumba kwa nyumba, wakarudi wakishangilia. Kijijini kwetu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Huko juu karibu wote walijibu kwamba ni wazima, wanamshukuru Mungu.

"Madam, tumeshinda!"

Binti mmoja tu, mtoto wa fundi mitumbwi, hakushangilia. Nikamuuliza ana nini.

"Madam, kule tuliingia tukasalimia, na hapo hapo tukauliza kama kuna mgonjwa. Nani anajibu vibaya kwenye salamu? Huku kwetu wamejibu hivyo kwa sababu walishajua tunatafuta zahanati."

"Wewe umepata mchumba huko juu, sema tu!" akadakia mvulana wa nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Mjibu kwa hoja," nikasema. "Habari za mchumba mwachieni mama yake."

Nikapanda nao mlima mimi mwenyewe. Tulimkuta mama mmoja anapepeta mahindi. Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha, tukakaa, tukamsaidia kupukuchua. Ndipo yule binti akauliza, "Mama, mtu wa mwisho kubebwa kwa machela hapa kijijini alikuwa nani?"

Mama akaweka ungo chini. "Mke wa shemeji yangu. Alishikwa na uchungu wa kujifungua."

"Alifika hospitali?"

Alitupeleka hadi kwenye kona ambapo njia inaanza kuteremka, akaonyesha majani ya kando. "Alifika hapa."

Wanafunzi wangu walikuwa na kalamu mkononi. Hakuna aliyeandika. Nyumba nyingine tulizorudia zilikuwa na habari zinazofanana na ile. Wagonjwa wa kwetu walichelewa, wa kule hawakufika.

Siku moja kabla ya kikao, binti alikuja kwangu. Alipiga goti kumsalimia mama, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona una sura ya msiba?"

Akanigeukia. "Madam, tukisema tulichokiona, zahanati itakwenda juu."

Nilimtazama mama. Mama alitazama maji. "Huyo aliyefia njiani," akauliza, "mtoto naye?"

"Naye, bibi."

Mimi nikasema, "Kaseme." Mwalimu mwingine angemzuia, mimi sikumzuia, na hilo nitajisifia hadi kaburini.

Kwenye kikao binti alisimama wima na kueleza yote, mpaka kosa letu la kuuliza vibaya. Mwenyekiti wetu wa kijiji akamkatiza.

"Wewe binti, ni mtoto wa wapi?"

"Wa hapa hapa, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako anajua unachokisema?"

"Anajua. Amenuna, lakini anajua."

Watu walicheka, hata diwani. Baadaye hawakucheka tena. Kamati ikapendekeza boma la juu. Nje mwenyekiti alinisogelea. "Mwalimu, tulikupa watoto uwatie akili kidogo, si zote."

Mvua zilipoanza, mama alizidiwa. Tulimpeleka kwa boti akiwa amelowa hadi kifuani, na wiki chache baadaye tukampeleka tena. Daktari akasema asiishi tena mbali na hospitali. Mdogo wangu anakaa Mbinga mjini, kwa hiyo mama sasa yuko huko, kwenye chumba cha uani. Mimi nimebaki na shule yangu na nyumba yenye vigae. Miaka yote ile nilihangaika ili nirudi kukaa naye.

Kila mwisho wa wiki napanda kumwona. Mara ya mwisho nilimkuta amevaa masweta mawili, ameegemeza mgongo ukutani. Nilimpelekea usipa, dagaa wa ziwa letu. Akaunusa kwanza, muda mrefu.

"Ile ya juu imeezekwa?"

"Imeezekwa, mama. Nesi amefika. Wiki hii amezalisha."

"Mzima?"

"Wote wazima."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akauliza, "Na mimi utanirudisha nyumbani lini?"

Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kujibu mbele ya diwani, nilisema nitakuja tena Ijumaa. Akaniambia nikitoka nifunge mlango, baridi inaingia.