Inua Miguu, Mama Awuor

Nimekuja hapa mbele kanisani bila fimbo, kwa hivyo mniache nijidai kidogo kabla sijaanza. Mimi ni Mama Awuor wa Karungu. Nanunua omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye maboti na kuianika, kazi niliyoanza nikiwa msichana. Wengi wenu mlisikia kwamba nilivunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwa ndege. Si kweli. Kutoka kwa ndege nilishuka vizuri sana. Nilivunjikia chini, kwa kosa langu mwenyewe, na leo nitawaambia lilikuwa kosa gani.

Kabla ya hapo sikuwa na ugonjwa wa kutaja. Miguu yangu ndiyo iliyonilisha. Boti ikikaribia ufuo wetu, huwezi kukaa kitako ukingoja kufikishwa, kwa sababu kuna mawe. Unatoa mguu mmoja nje, unaushusha majini, ukigusa chini unasimama na kuizuia boti isijigonge. Baba yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. Miaka yote hiyo nimeshusha mguu bila hata kufikiri.

Binti yangu Awuor anafundisha shule moja huko Rongo. Alisikia kuna klabu inakuja na ndege ndogo upande wa Homa Bay, kufundisha watu kuruka na parachuti, ule mwavuli mkubwa. Akajiandikisha pamoja na mwalimu mwenzake. Siku zilipokaribia, mwenzake akaogopa. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Nafasi isipotee. Nitaenda mimi." Baba Awuor alikuwa anakula. Akasema, "Mimi nilioa mtu anayetembea chini." Kisha akaendelea kula.

Mwalimu wetu aliitwa Mutua, mwanamume wa mabega mapana na sauti ya upole. Alitueleza kwamba anayeanza haruki peke yake. Unafungwa kwake kwa mikanda, wewe mbele, yeye nyuma, na mwavuli uko mgongoni mwake. Akatulaza kifudifudi kwenye mkeka. "Kifua mbele, kichwa nyuma, miguu ikunjeni kwa nyuma. Muwe kama ndizi." Mikono inashika mikanda kifuani mpaka akugonge begani, ndipo unaifungua. Upepo ukikupiga usoni, usibane pumzi. Hayo yote niliyafanya vizuri kumshinda Awuor, na nilimwambia.

Mwisho akatukalisha chini. "Tukikaribia kutua nitasema, inua miguu. Inyoosheni mbele, juu kabisa. Tutateleza kwa makalio. Mguu wako usiguse chini kabla ya wangu." Tulirudia mara tano, na mara zote tano niliinua. Kwenye mkeka hakuna mtu anayekosea.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa, nilishikwa na haja ndogo hapo hapo. Niliomba kwa Kijaluo, nikaongeza na Kiswahili. Tukatoka. Upepo ulinivuta mashavu mpaka mate yakaruka. Mutua akanigonga begani, nikafungua mikono. Jamani, nilifurahi. Nilicheka huko juu peke yangu kama mtu asiye na akili. Halafu mwavuli ukafunguka, mikanda ikanibana mapaja, na pakawa kimya. Ziwa lote lilikuwa chini yangu. Mutua aliniacha nivute kamba ya kulia, tukageuka kulia. Nikavuta ya kushoto, tukageuka kushoto.

Kisha ardhi ikaanza kuja. Mutua akasema, "Inua miguu." Nilimsikia vizuri. Lakini macho yaliona ufuo unakaribia, na mwili ukakumbuka kazi yake. Nikashusha mguu wa kulia, kuzuia boti.

Sauti ilikuwa ya muwa ukivunjwa gotini. Nilipotazama, kifundo kilikuwa kimegeuka na wayo unaangalia pembeni. Mfupa ulisukuma ngozi mpaka ikawa nyeupe. Awuor, aliyetua kabla yangu, alikuja mbio, akaona, akatapika. Mutua alipiga magoti kando yangu akaniuliza, "Mama, si nilisema inua?" Nikamwambia, "Ulisema."

Hospitalini waliunyoosha, wakanifunga plasta mpaka gotini, wakanipa magongo na onyo moja tu: nisiingize kitu ndani ya plasta. Wiki mbili za kwanza nilivumilia. Ya tatu, mwasho ukaja. Mwasho wa ndani ya plasta ni adui mwingine kabisa. Nilichukua mwavuli wangu wa mvua, nikavunja uti mmoja, nikaupenyeza ndani, nikakuna. Raha yake siwezi kuieleza mbele ya mchungaji. Nikawa nakuna kila siku.

Nilichana ngozi na sikujua. Baada ya siku kadhaa harufu ikaanza. Nyumba yetu inanuka samaki siku zote, nikasema ni omena. Baba Awuor akanusa, akasema, "Omena haiko kitandani." Usiku huo nilitetemeka kwa homa. Asubuhi vidole vya mguu vilikuwa vimevimba, rangi ya biringani, na kwenye ukingo wa plasta palikuwa na unyevu wa manjano. Akanipeleka Homa Bay.

Daktari alikuwa kijana. Alipokata plasta, usaha ulimwagika na hata yeye akageuza uso. Akauliza, "Mama, ni nini kilikuumiza hapa?"

"Mwavuli."

"Mwavuli ulikuvunja, hiyo nimesoma kwenye kadi. Nauliza hiki kidonda."

"Ni mwavuli, daktari."

Baba Awuor akalazimika kumweleza kwamba ni miavuli miwili. Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Usaha ukiingia kwenye mfupa, tutaukata huu mguu ili tukuokoe wewe. Nataka ujue mapema."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Angani sikuogopa hivyo. Niliuangalia ule mguu umevimba na kunuka, nikaupenda kuliko siku zote za maisha yangu. Nilijiuliza nani atasimama majini kungojea maboti. Waliusafisha mara mbili nikiwa nimelazwa usingizi. Dawa ziliingia kwa mshipa mchana na usiku. Mungu alisaidia, mfupa ulikuwa haujaguswa. Kidonda kilipokauka wakaniwekea chuma na skrubu. Ningali nazo, na kukiwa na baridi nazisikia.

Mngedhani shida iliishia hapo. Mguu ulipona, lakini mimi nikakataa kuukanyaga. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti wa Kehancha anayeitwa Boke, mwembamba, mdomo kama wangu. Kila nikienda anasema, "Shusha mguu, mama. Weka uzito." Mimi nauinua. Nikijaribu kuushusha nasikia ule muwa ukivunjika. Muundi ulikonda mpaka ukatoshea kwenye kiganja changu. Boke akaniambia wazi, "Mguu hauna neno tena. Usipoukanyaga, kifundo kitakauka hivyo, na hayo magongo utazikwa nayo."

Nililia. Nikamweleza yote, ndege, Mutua, boti, mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo ukiambiwa inua, unashusha. Ukiambiwa shusha, unainua. Wewe ni wa kuambiwa nini?"

Nikacheka na machozi yangu. Yeye akatoka, akarudi na karai kubwa la maji. Akaliweka mbele ya kiti changu.

"Haya. Uko kwa boti. Boti inaenda kwa mawe. Utafanya nini?"

Mguu wa kulia ulitoka wenyewe, ukaingia majini, ukagusa chini, na mimi nikasimama. Maji yalimwagika sakafuni. Uchungu ulikuwepo, sidanganyi, ila ulikuwa uchungu wa kiungo kilicholala sana. Boke hakunishika. Aliniangalia tu, akasema, "Tena." Tulifanya hivyo wiki nyingi, baadaye bila karai. Nyumbani Baba Awuor alikuwa ananipeleka ziwani kila asubuhi, amenishika mkono mbele ya watu, yeye ambaye hata siku ya harusi hakunishika.

Mwaka uliofuata klabu ilirudi. Nilimwambia daktari nataka kuruka tena. Alitikisa kichwa, akanipiga picha ya mfupa, akaizungusha zungusha kwenye mwanga, mwishowe akaandika barua ya kuniruhusu. Watu waliniuliza kwa nini. Nilikuwa na deni la neno moja kwa Mutua. Safari hii Baba Awuor alikuja kutazama, na kiti chake, na kwapani fimbo yangu ya zamani, niliyoitumia baada ya magongo.

Mutua aliponifunga mikanda aliniuliza, "Mama, leo Kiswahili unakisikia?" Nikamwambia ninakisikia.

Ardhi ilipokuja, ufuo ulikuwa pale pale, na mguu ukataka kwenda. Mutua akasema, "Inua miguu." Nikaiinua mpaka nikaona viatu vyangu juu ya ziwa, nikaishikilia hapo kwa mikono miwili. Tuliteleza kwenye nyasi kwa makalio, mbali, mpaka mwendo ukaisha. Akanifungua mikanda. Kisha akasema, "Sasa shusha."

Nikashusha yote miwili, nikasimama.

Baba Awuor alikuja akininyooshea fimbo. Nikamwambia abaki nayo, njia ya kurudi garini ina mawe na yeye ni mzee.

Namshukuru Mungu, daktari na Mutua. Boke, popote ulipo, erokamano, asante sana. Wewe uliye na plasta leo, usitie kitu ndani, hata ukiwashwa ukalia. Na wewe uliyepona ukaogopa kukanyaga, tafuta karai la maji, anza nalo. Mimi nimemaliza. Kiti changu ni kile cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Niangalieni nikienda.