Siku Walipomficha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa anasikia vizuri kuliko sisi sote. Ukimtuma chumvi analeta chumvi, ukimtuma mchi analeta mchi. Tatizo lake lilikuwa kusema. Maneno yalimtoka vipande vipande, ya mbele yakawa nyuma, mengine hayatoki kabisa. "Mama shamba, mimi uji," alisema, nasi nyumbani tukajua anampelekea mama uji shambani. Hata Kizigua, lugha aliyozaliwa nayo, alikisema hivyo hivyo. Waliodai kwamba ni Kiswahili tu kinachomshinda walikuwa hawajui walisemalo.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Mazingara. Likatoka tangazo: kila mtoto aliyefikia umri aende shule, na mzazi atakayemficha mtoto atachukuliwa hatua. Mama alifurahi. Alimshonea sare kwa mkono, na mimi niliyekuwa darasa la nne nikawa namshika mkono njiani.

Mwalimu wa darasa la kwanza alimsimamisha kila asubuhi. "Jina lako nani?" Mdogo wangu alilitafuta jina lake, midomo ikimcheza. "Kiburi hicho!" Fimbo ikafuata. Nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta wa udongo, na darasa zima likimcheka. Wakamwita Bubu, na mwalimu naye akalidaka jina hilo.

Asubuhi moja tuliambiwa anakuja mgeni kutoka wilayani. Mwalimu mkuu akaniita.

"Mchukue mdogo wako mkakae stoo ya majembe mpaka mgeni aondoke."

"Amefanya nini, mwalimu?"

"Hajafanya kitu. Sitaki atuaibishe."

Tukakaa gizani juu ya mipini ya majembe. Nje wenzetu walikuwa wanamwimbia mgeni kwamba katika nchi yetu hakuna mkubwa wala mdogo, wote tuko sawa. Mdogo wangu akaufuatisha wimbo kwa sauti ya chini, na maneno yakamtoka yote, yamenyooka. Ukiwa wimbo, aliweza. Hakuna mwalimu aliyewahi kukaa naye karibu kiasi cha kulijua hilo.

Jioni nilimsimulia mama. Kesho yake alitangulia mbele yetu mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mlituambia tusifiche watoto. Mbona ninyi mmemficha wangu?"

"Mama, huyu mpeleke shule ya viziwi."

"Anasikia."

"Basi kaulizeni hospitali."

Tukapanda lori la pamba mpaka Korogwe. Daktari alimgongea bati nyuma ya kisogo, mdogo wangu akageuka mara moja. "Huyu anasikia," daktari akasema. "Shule ya viziwi hawatampokea." Mama akauliza, basi wa aina hii wanapelekwa wapi? Daktari akatazama dirishani.

Tuliporudi, mwalimu mkuu alisikiliza majibu, kisha akasema, "Basi akalime." Mlango ukafungwa hivyo. Zile hatua dhidi ya wanaoficha watoto hazikumgusa yeye mwalimu.

Mdogo wangu alilima. Alikua, akaolewa Ngombezi na kijana wa kiwanda cha mkonge, na huko akaingia kisomo cha watu wazima. Aliyefundisha alikuwa mama mmoja mpole. Akimuuliza swali, alingoja. Wengine wakiguna, aliwanyamazisha, akangoja tena. Hakuwa na dawa wala kifaa chochote. Kwa kungoja huko mdogo wangu akajua kusoma.

Nilikwenda kumtembelea, akanisomea ukurasa mzima, kidole kikifuata mstari. Nilitokwa na machozi, na mengi yalikuwa ya hasira. Kitu alichonyimwa utotoni hakikuhitaji hata bajeti ya serikali. Alifunga kitabu, akanitazama, akatafuta maneno kwa muda mrefu. Nikangoja.

"Dada," akasema, "mimi mtoto... wao fimbo... kwa nini?"

Nikamwambia walikosea, wao, si yeye. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuepua maharage.