Mafuta ya Nazi Kwenye Baskeli ya Mpolandi

Kukaa kitako mie sijakuweza tangu nizaliwe. Nikiona kitu kichafu nakiosha, nikikiona kikavu nakipaka mafuta, na ndivyo nilivyotaka kumuua Mpolandi wa watu.

Ngojeni nikwambieni. Mwanangu wa kike, ninayekaa naye hapa Ansab, Muscat, alimkodisha chumba cha juu mwanamke wa Polandi. Kwao baridi, kakimbilia huku kufanya mazoezi. Kazi yake kushindana kwa baskeli, na wallahi anaishi kwa hiyo! Kiangazi anapanda milima, baridi ikiingia anakwenda mbio za tope. Hizo za tope nilicheka nilipoelezwa: njia isipopandika unashuka, unaitia baskeli begani unakimbia nayo, ukifika pazuri unairukia tena. Kaanza mdogo, kwao nyuma ya shamba la viazi. Vikombe kapata, na mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, kavunja mara mbili. Kanifungulia kola nikaushika, una nundu.

Sasa umri unamkimbia. Yalikuwa yamebaki mashindano ya mwisho, ya tope, huko kwao. Akifanya vizuri anarudishwa timu ya nchi yake, akikosa basi, anakwenda kuuza dukani kwa kakake.

"Na duka hilo hataki hata kulisikia," mwanangu akanambia. Yeye ndiye mkalimani wetu, maana mie skuli nilikwenda miaka miwili nikachoka.

Mpolandi shida yake tope. Muscat tope utalitoa wapi? Nikasema, "Mpeleke Qurayyat, shambani kwetu. Siku ya zamu yetu ya maji ya mfereji, chini ya mitende panakuwa uji." Wakenda. Alasiri karudi kaganda tope mpaka kope, meno nje kwa furaha. Baskeli kaiacha uani, kapanda juu kuoga.

Haya, mie niiache vile? Nikafungulia mpira wa maji nikaisugua ikang'ara. Ina visahani viwili vya chuma, kila gurudumu kimoja. Nikaviona vinataka kushika kutu, na hewa yetu hii ya chumvi. Nikachukua mafuta ya nazi nikavipaka, taratibu, kama namkanda mtoto mchanga.

Asubuhi yake katoka mapema kwenda jabali la nyuma, kule kwenye mteremko wa mawe matupu. Mwanangu anakunywa chai, namhadithia kazi yangu njema.

"Visahani gani, Mama?"

"Si vile vya katikati ya magurudumu."

Kikombe kakiweka chini. "Mama! Pale ndipo breki zinapobana! Umepapaka mafuta?"

"Kidogo tu."

"Kidogo! Unadhani chapati?"

Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena. Akachukua gari kwenda kumtafuta, nikabaki peke yangu.

Nikenda getini, nikarudi. Nikaosha vyombo visafi. Wali nikautia chumvi mara mbili. Nikapanda chumbani kwake, sijui kutafuta nini, nikaona ukutani karatasi ya tarehe, kila siku iliyopita kaikata kwa kalamu nyekundu, zimebaki chache kufika pale alipochora duara. Nikatoka mbio kama nimeiba. Nikawa namuomba Mungu huku nazunguka uani: Ya Rabbi, mtulinga wa tatu usiwe kwa mkono wangu.

Karibu na adhuhuri nikamwona mtu anakuja kwa miguu, baskeli begani. Nikamtazama kichwa, nikatazama mikono, miguu: mizima! Mwanangu nyuma yake na gari, polepole, anampigia honi.

"Kakataa kupanda!" anapiga kelele dirishani. "Ati kapata zoezi!"

Kumbe kila kabla hajateremka hujaribu breki. Kazibana kule juu, hazikushika. Basi jabali lote kalishuka hivyo, baskeli begani, simu inalia mkobani mgongoni.

"Mwambie ni mie," nikamwambia mwanangu.

"Mwambie mwenyewe, bi mkubwa."

Nikaleta chupa ya mafuta, nikaonesha visahani, nikajipiga kifua. Akaitazama chupa. Hakucheka. Akenda kukaa kivulini, na mie nimesimama pale na chupa yangu sijui niiweke wapi. Mwisho kasema neno, mwanangu kacheka mpaka kashika ukuta.

"Anauliza yamebaki, Mama? Ngozi yake imeungua na jua."

Breki wakanunua nyingine. Na tangu siku ile hatoki mpaka asimame mbele yangu getini, anikodolee macho, azibane. Kwii, kwii. Ndipo namfungulia.

Akarudi kwao. Siku ya mashindano mwanangu kanisikilizisha ujumbe wake kwenye simu. Hamna neno hata moja. Kwii, kwii.

"Anataka nini huyu?" mwanangu kauliza.

"Anataka nimfungulie."

Nikenda nikalifungua geti wazi kabisa, nikasimama papo hapo, sikai, siegemei, mpaka nilipomsikia mwanangu ndani anapiga ukelele: "Mama! Kaingia! Wamemrudisha timuni!"

Geti nikalisahau. Paka wote wa mtaa wakaingia uani siku ile, nikawaacha.