Waliofundishwa Kumtembelea Mama

Mama yangu alivunjika mguu migombani, akikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko ambao sote tulishamkataza kwenda. Hospitali walimfunga plasta mpaka juu ya goti, wakamrudisha nyumbani na maagizo ya kulala. Amri yake ya kwanza ilikuwa kitanda kihamishiwe sebuleni, dirishani, panapoonekana njia ya kupanda na ya kushuka. Uliovunjika ni mguu, alisema, macho ni mazima. Mimi nikafunga duka langu la vitenge mjini, nikaacha chumba changu cha Sombetini, nikapanda huku juu upande wa Akheri kumuuguza.

Siku zile za mwanzo nyumba haikupoa. Watu walikuja na maziwa, na mtori, na loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwenye sufuria zilizofunikwa vitambaa. Wakakaa. Wakabishana kuhusu daktari. Wakamweleza mama habari za watu wote waliowahi kuvunjika miguu katika mlima huu, na jinsi kila mguu ulivyopinda. Mama aliwafukuza kwa mdomo huku mkono ukiwavuta waketi. Chai niliyochemsha wiki ile ingetosha harusi.

Aliyewazidi wote ni jirani yetu wa chini ya mfereji, ambaye yeye na mama walipata kipaimara siku moja. Huyu hakuwahi kubisha hodi kwetu. Aliingia akiwa tayari katikati ya sentensi, akaketi kwenye ncha ya kitanda, akaendelea. Alijua nani kaposa, nani kakataliwa, na mbuzi wa nani kaingia kabichi za nani. Alikuwa mmbea, sitamsafisha, lakini hakuwa wa kuvunja nyumba za watu. Mama alicheka akiwa ameshika plasta kwa mikono miwili, akimsihi anyamaze. Jirani hakunyamaza, na usiku mama alilala bila kudai vidonge.

Ndipo usharika ukatangaza mafunzo ya walei.

Ilikuwa huduma ya faraja kwa wagonjwa. Mkufunzi alitoka mjini, kijana mwenye suruali ya kubana na mashine ya kurushia picha ukutani, na umeme ukakatika kabla hajarusha hata picha moja. Kila nyumba yenye mgonjwa iliombwa kutuma mtu siku ya ufunguzi, kama mdau. Nikawa mdau. Mdau, kwa nilivyoona, ni mtu anayeketi nyuma na kupewa soda.

Tulipiga makofi ya kilo mpaka viganja vikawaka. Tuligeuka tukamwambia aliye kulia kwamba yeye ni chombo, kisha aliye kushoto, naye tukamwambia hivyo hivyo. Baada ya kuwa vyombo sote, tukafundishwa. Mgonjwa hapewi ushauri. Hapewi habari za kijiji. Anayemtembelea hasemi mambo yake mwenyewe. Anatulia, anasikiliza, anarudia alichosema mgonjwa kwa maneno mengine, halafu anamuuliza anajisikiaje. Sikatai kwamba humo mna hekima. Mimi mwenyewe niliwahi kulazwa, nikaombewa na watu wenye sauti mpaka nikatamani kufa kweli.

Lakini mkufunzi alitaka mfano hai. Akauliza nani amezoea kutembelea wagonjwa, na jirani yetu, kwa moyo mweupe kabisa, akanyoosha mkono.

"Mimi nikimwendea mgonjwa namletea habari," alisema. "Anacheka, damu inatembea."

"Mpigieni makofi mama!" mkufunzi akasema. Tukapiga. "Sasa, wapendwa, mmemsikia? Huyu mama haendi kumtembelea mgonjwa. Anakwenda kujitembeza mwenyewe. Mgonjwa anaumia, ila hasemi, kwa heshima."

Ukumbi ukacheka. Jirani naye akacheka, kisha akaketi, akavuta ncha ya kitenge akajiziba mdomo, na hakuitoa mpaka wali ulipoletwa. Nilitamani kumrushia yule kijana chupa ya soda. Ila soda yenyewe ilikuwa haijaisha.

Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba ili kutowachosha wagonjwa, watatembelewa na waliofunzwa tu, wawili wawili, wakiwa na vitambulisho shingoni. Wengine tuwaombee tukiwa majumbani. Sijawahi kuona tangazo la kanisa likitiiwa haraka namna ile. Likitangazwa la kufyeka uwanja wa kanisa kila mtu ana mgeni kwake, lakini la kutopanda mlima na sufuria ya mtori lilishika siku ile ile.

Wakaanza kuja wa vitambulisho, kundi la kwanza kumaliza; wengine walikuwa bado wanafunzwa. Wa kwanza walikuwa mzee wa kanisa aliyestaafu kazi ya misitu kule Olmotonyi, na mwalimu wa shule ya msingi. Niliwapa shikamoo, nikawawekea viti. Wakaketi wamenyooka, mikono magotini, wakamtazama mama.

"Nipeni maji hapo," mama alisema, maana kikombe kilikuwa karibu na mzee.

"Nasikia unasema una kiu," akajibu mzee kwa upole mkubwa.

"Ndiyo. Kikombe hicho."

"Na kiu hiyo inakufanya ujisikie vipi?"

Mama akanigeukia. "Huyu baba ni mzima?"

Nikampa maji mwenyewe. Mwalimu akaona ajaribu na yeye, akamuuliza kama kuna jambo linalomsumbua moyoni. Mama alikuwa ameshaupata mchezo. Akasema kwa huzuni kwamba anamfikiria sana kuku wake mwekundu, ambaye haonekani tangu juzi.

"Kuku huyo ana maana gani kwako, mama?"

"Mchuzi."

Mzee wa misitu akakohoa kwa nguvu, akatazama dari. Wakasali, wakapiga picha na mama kwa ajili ya ripoti, wakaondoka. Mama akasema maneno ya Kimeru ambayo sitayaandika.

Tulicheka jioni ile. Baada ya wiki mbili hivi hatukucheka tena. Vitambulisho vilikuja, vikasikiliza, vikaondoka, na mama hakuwa na cha kuwaambia, maana mtu aliyelala dirishani mchana kutwa atapata wapi la kusema? Yeye ndiye aliyehitaji kuambiwa. Akaacha kumalizia chakula. Akaacha kuuliza nani kapita. Siku moja nilikuta amejigeuza, mgongo kwa dirisha, uso ukutani, nikaogopa kuliko siku ile alipoanguka. Daktari alisema mfupa unaunga vizuri. Mfupa, ndiyo.

Nilijaribu kumletea habari mimi, hata za sendoff moja ya Sombetini, lakini sina kipaji. Hadithi ikipita mdomoni mwangu inatoka kavu kama taarifa ya kikao.

"Mwenzangu yuko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia yuko mafunzoni. Ilikuwa kweli. Jirani hakukosa kipindi hata kimoja, na siku ya kufunga, maana siku hizi hakuna jambo lisilo na mahafali, alivalishwa shada la maua ya kumetameta na kutajwa kuwa mshiriki aliyebadilika kuliko wote. Mama aliposikia amehitimu alidai nimsuke nywele. Alijua sasa atakuja.

Alikuja. Alibisha hodi. Mama alinitazama kama aliyesikia mlango wenyewe umesema. Jirani aliingia na sare ya kanisa, kitambulisho kifuani, yule mzee wa misitu nyuma yake kama mwenzake wa zamu. Akapita ncha ya kitanda, akaketi kwenye kiti, mikono magotini.

"Haya, lete," mama alisema, uso ukiwa umewaka. "Yule binti wa kule juu, wameafikiana mahari au bado?"

Jirani alinyoosha mgongo. "Nasikia ungependa kujua habari za yule binti."

"Ndiyo, ningependa! Wameafikiana?"

"Na kutokujua kunakufanya ujisikie vipi?"

Nimemwona mama yangu akinyooshwa mfupa bila kutoa chozi, lakini sasa midomo ilimcheza. Jirani akaona, akaharibikiwa.

"Nisamehe, mwenzangu," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikija hapa kukuchosha. Nilikuwa nakuumiza, na wewe unaninyamazia kwa heshima. Sikujua. Wametufundisha."

"Nani amesema naumia?"

"Mafunzo."

"Mimi ndiye mgonjwa," mama alisema. "Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Mzee wa misitu alianza kuinama kwa ajili ya sala, kwa kuwa mafunzo hayakuwa yamesema lolote kuhusu mahali kama hapo. Jirani alitazama sakafu. Nikaona kwamba hata akitaka hawezi tena, wamemtia haya. Alikuwa anampenda mama kwa njia moja tu aliyoijua, na ndiyo hiyo waliyoicheka ukumbini.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya shuka, kisha akaanza kusema, taratibu, akitazama nje.

"Sawa. Basi nisikilize, ndiyo kazi yako. Nilisimuliwa na huyu binti yangu, kwamba kwenye sendoff ile ya Sombetini ndafu haikuonekana ukumbini. Familia ya bibi harusi ilimla yule mbuzi kabla ya wageni kufika."

Jirani alikaza midomo. Mimi sikusimulia hivyo.

"Nasikia," jirani akasema kwa shida, "unasema walimla."

"Walimla. Na shangazi mtu ndiye aliyemkata. Tena alikuwa kondoo, si mbuzi."

Kiti kililia. Jirani alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka.

"Na upande wa bwana harusi, wale wa kutoka Moshi, wakaondoka kwa hasira na sherehe ikavunjika."

"Hapana!" Jirani alikuwa amesimama. "Hapana, mwenzangu, huo ni uongo mtupu, nani kakudanganya? Mimi nilikuwepo! Alikuwa mbuzi, kakaa kwenye sinia na majani mdomoni, nimemwona kwa macho yangu! Mpishi ndiye aliyepotea, akampeleka ukumbi wa pili, kwenye sherehe ya watu wengine kabisa, na wale walipoona ndafu inaingia na vigelegele unadhani walisema si yetu?"

"Walisema nini?"

"Walisema amina! Sogea."

Mama akasogea. Jirani akapanda kitandani na viatu vyake vya kanisani, kitambulisho kimegeukia mgongoni, akaanza tangu wapishi walipowasha moto. Mama alicheka mpaka akashika plasta. Nilikimbilia jikoni kuweka chai, nikalia huko kama mtoto, maana nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo la kumpoteza kwa mguu tu.

Niliporudi na vikombe, jirani alikuwa amenyamaza ili apumue. Mzee wa misitu alikuwa amevuta kiti chake mpaka miguuni pa kitanda, viwiko magotini, amesahau sala.

"Ehee," alikuwa akisema. "Halafu?"