Urefu wa Injinia

Kaka yangu ni seremala, na watu wa kazi humwita Milimita, kwa sababu ukimwambia kitu kimenyooka atakuomba usogee apime mwenyewe. Mimi ni dereva. Tulikuwa tukizungusha mji hadi mji maonyesho ya picha za vijana wanasayansi na wahandisi: sura za watu kwa ukubwa wao halisi, kila moja ndani ya fremu aliyoitengeneza kaka. Mmoja wa vijana hao alikuwa binti yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kufa.

Tulimwita Injinia tangu angali mdogo. Alifunga uzi kwenye komeo la mlango wa mbele, akaupitisha ukutani mpaka kitandani kwake, ili baba yake akichelewa kurudi kutoka kazini, yeye auvute tu na mlango ufunguke. Tulicheka, jina likamganda. Alipokua akawa injinia kweli, wa pampu za maji, na mpiga picha akamfuata huko huko kazini, akampiga akiwa na kofia ngumu na tabasamu la mtu aliyekatizwa shughuli zake. Picha inaishia kifuani. Kabla haijatundikwa popote, gari la kazini lilipinduka naye akiwamo.

Mama yake, shemeji yangu, alisema picha isionyeshwe. Kaka akasema ionyeshwe. Wakaacha kusemeshana. Halafu shemeji akaanza kusikia buti. Jioni, taa hazijawashwa, zilipanda ngazi za barazani na kukomea mlangoni. Hakuogopa. Alikuwa anainuka, anaondoa komeo, anarudi kukaa. Kaka naye anakwenda kulirudisha.

"Mwanangu hakuwa na buti," kaka alikuwa akisema. "Viatu vyake vyote nimenunua mimi."

Vyote alivyovijua yeye, nilikuwa nawaza. Binti alipokuja nyumbani mara ya mwisho, kaka alikuwa mbali akiezeka paa la watu, na hawakuonana. Hilo lilimla, ingawa hakulisema. Mwishowe akaomba kazi ya kusafiri na maonyesho. Mimi nasema alikimbia. Yeye anakataa, lakini mtu mwenye kitanda chake anayelala kwenye lori langu tumwiteje?

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Picha hazipangwi kwa fremu, zinapangwa kwa macho. Kaka alivuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya ukumbi, na macho ya vijana wote yakakaa juu ya kamba hiyo, wafupi kwa warefu. Ya binti yake tu ndiyo hayakukaa. Kwa huyo alikuwa na kijiti alichokikata kwa kufuata alama ya mwisho ya urefu wake aliyomchorea kwenye mlango wa jikoni, kabla hajahama nyumbani, akipunguza kipimo cha kutoka utosini hadi machoni. Alikisimamisha sakafuni, na pale kilipofika ndipo macho yake yalipokaa. Mratibu wa maonyesho aliliona hilo siku ya kwanza, akatazama pembeni.

Nikwambie ukweli, picha ile ilinitia baridi. Nyingine zilikuwa picha. Huyu alikuwa mtu amesimama ukutani. Wageni walipishana mbele yake wakisema samahani. Katika ukumbi mmoja mlinzi alihamisha kiti chake asimpe mgongo. Na mimi ninayejifanya siamini mambo hayo, nikizima taa nilimuaga: "Tumefunga, mwanangu."

Hatimaye zamu ikafika mji wetu. Mratibu akatuita pembeni, akasema shemeji amepiga simu. Yeye ni mzazi; akija akitaka picha iondoke, itaondoka moja kwa moja, wala hakuna wa kumpinga. Kaka alikwenda akaitundika kwanza kabla ya zote.

Shemeji alikuja asubuhi, milango haijafunguliwa kwa wageni. Mkononi alikuwa na shuka, na nikajua ni ya kuifungia picha. Alinisalimia mimi, akampita mumewe, akatembea kando ya ukuta akitazama sakafu. Mbele ya bintiye akainua macho. Alisimama pale mpaka mikono yangu ikachoka kushika ngazi ya kutundikia picha.

"Umemweka chini," alisema.

"Nimempima mwenyewe," kaka alisema. "Kijiti hiki hapa."

"Ulimpima peku, Baba Injinia. Jikoni pale, peku. Hapa yuko kazini, na kazini alikuwa anavaa buti." Akaonyesha unene wa soli kwa vidole. "Alikuja nazo ile mara ya mwisho. Nzito, zina chuma mbele. Hakuzivua mpaka nikamgombeza. Mtoto niliyezoea kumtazama usawa wa macho, siku ile nilimtazama nikiinua uso."

Kaka aliketi juu ya sanduku la kusafirishia picha. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia yeye wakati ule.

"Kumbe alikuwa na buti," alisema. Kisha akauliza, "Zinaliaje?"

Shemeji akainama, akapiga mfuniko wa sanduku kwa ngumi, pigo moja zito, na la pili akaliburuza kidogo.

"Hivyo. Zilikuwa kubwa kwake. Mguu wa kushoto aliuburuza."

"Rudia," kaka alisema, akafumba macho. Shemeji akarudia.

Kaka akainuka, akamkabidhi mkewe picha, akang'oa msumari na kuupigilia juu zaidi. Shemeji aliikumbatia kifuani muda wote huo. Mlango ulikuwa wazi na shuka alikuwa nayo, nami nilijiandaa kumwona akitoka. Aliirudisha mikononi mwa mumewe. Ilipokaa, macho ya binti yakawa yanampita mama yake kimo kidogo. Chini ya fremu tundu la msumari wa zamani lilionekana, na Milimita, asiyeacha tundu ukutani, akaliacha.

Jioni walinikaribisha kwao. Kaka aliingia wa mwisho, akafunga mlango, mkono ukaenda kwenye komeo kwa mazoea. Akalisukuma likafunga. Akasimama akilitazama, kisha akalivuta likafunguka, akaja kukaa karibu na mkewe. Hakuna aliyewasha taa. Tukakaa watatu, tukisikiliza ngazi za barazani.